Kupanga au Kujenga, Kuajiriwa au Kujiajiri: Swali la Mfanyakazi Mmoja wa Temeke

Siku chache zilizopita alifika ofisini petu mfanyakazi mmoja wa kiwanda kilicho kandokando ya Barabara ya Nyerere, hapa Dar es Salaam. Hakuja na malalamiko dhidi ya mwajiri wake, kama wengi wafikao hapa, wala hakuja kutafuta jina lake litiwe gazetini. Alikuja na karatasi ya daftari la shule, iliyogawanywa kwa mstari katikati. Upande mmoja aliandika gharama za chumba anachopanga Temeke. Upande wa pili aliandika gharama za kununua nusu ya kiwanja huko Chanika. Nyuma ya karatasi kulikuwa na hesabu nyingine: mshahara wake wa kiwandani, na mbele yake mapato ya pikipiki ambayo shemeji yake anamshauri ainunue ili aache kazi ya watu.

“Ndugu Mhariri,” akasema, “nimetimiza miaka kumi na mmoja kazini na kumi na mmoja katika chumba cha kupanga. Mtu mzima hupanga mpaka lini? Na mtu mzima hutumwa mpaka lini?”

Nakiri kwamba sikuwa na jawabu la papo kwa papo. Mimi mwenyewe nimevuka miaka arobaini na mitano, nami ni mpangaji. Nilimwomba aniachie karatasi ile, naye akaniachia. Makala haya ndiyo jawabu lake, na kwa kuwa twajua kwamba swali lile linaulizwa usiku katika vyumba vingi vya Temeke, Manzese, Buguruni na Mbagala, twaona yafaa lijibiwe hadharani.

Kwanza tuondoe aibu. Siku hizi neno “mpangaji” limekuwa kama tusi. Kijana akienda kuposa huulizwa kama ana kwake, na akijibu kwamba amepanga, wazee hutazamana. Hali kadhalika aliyeajiriwa hucheshwa na wenzake walioanza biashara, ati yeye anamjengea mtu mwingine utajiri. Maneno haya yamewatia watu haraka, na haraka hiyo imewafaidi madalali na wakopeshaji wa ile mikopo ambayo watu wenyewe wameibatiza jina la kausha damu. Mtu asipime maisha yake kwa aibu. Apime kwa hesabu.

Basi tuanze na chumba. Nyumba ya Kiswahili tuijuayo sote, ile ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati na ua nyuma, imewahifadhi wafanyakazi wa mji huu tangu zamani za ukoloni. Mwenye nyumba aghalabu hukaa humo humo katika chumba kimoja, na wapangaji hukaa katika vilivyobaki. Ni nyumba yenye ubinadamu wake. Mtoto akiugua usiku, yuko mtu wa kumwamsha. Lakini pia ni nyumba ya ugomvi, na siku hizi ugomvi mkubwa una jina moja: luku. Mita ni moja, vyumba ni vitano au sita, na kila mmoja anajua kwamba mwenzake ndiye aliyewasha pasi. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo nayo inakatwa ndani ya umeme huo huo: ilianza kwa shilingi 1,000 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, ila anayenunua umeme ni mpangaji. Ni shilingi chache, la kweli. Hata hivyo zinaonyesha jinsi mzigo unavyoteleza kutoka bega moja hadi jingine bila mtu kuuliza.

Jambo zito zaidi ni kodi ya chumba chenyewe. Wenye nyumba wengi hudai miezi sita kwa pamoja, na wengine mwaka mzima; juu yake dalali hudai kodi ya mwezi mmoja kwa kazi ya kukuonyesha mlango. Hapo zamani palikuwa na sheria iliyozuia kodi kupandishwa ovyo. Ile ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo bei ni mapatano kati ya wawili, ambao mmoja wao ana funguo na mwenziwe ana watoto na virago. Mfanyakazi hulipwa mshahara mwisho wa mwezi, wala halipwi kwa miezi sita mbele. Kwa hiyo kila nusu mwaka hulazimika kukopa ili alale. Na huyu ndugu yetu wa Temeke, katika karatasi yake, hakuandika riba ya mkopo ule. Aliandika kodi peke yake.

Sasa tuende Chanika. Ndugu yetu ameandika kwamba analipa shilingi 80,000 kwa mwezi, na kwamba akihamia kwake ataziokoa zote. Kiwandani huenda kwa miguu. Tuseme kutoka Chanika atapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, na jumla ya nauli iwe shilingi 2,800 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 72,800. Katika zile 80,000 zimebaki 7,200, na bado hatujanunua mfuko mmoja wa saruji. Tena akae garini saa tatu kwa siku, kwenda na kurudi. Kwa mwezi ni saa 78, ambazo kwa kazi ya saa tisa kwa siku ni zaidi ya siku nane za kazi asizolipwa na mtu. Ataondoka watoto wamelala na kurudi wamelala. Nyumba itakuwa yake, ila atakayeifaidi ni kuku wake.

Msomaji asidhani kwamba twampinga mwenye kujenga. La hasha. Iko hesabu nyingine ambayo haionekani katika mwezi mmoja, bali katika umri wa mtu. Siku mshahara utakapokoma, kodi ya chumba haitakoma pamoja nao. Wengi wetu tumepata kumwona mzee aliyestaafu akitafutiwa chumba cha bei rahisi zaidi kila mwaka, akisogezwa pembeni mwa mji kadiri nguvu zinavyompungukia. Kwa upande mwingine tunawajua akina bibi wa Magomeni na Kariakoo ambao hawakupata kuajiriwa hata siku moja, lakini nyumba ya vyumba sita waliyoachiwa au waliyoijenga kwa pesa za maandazi ndiyo pensheni yao: wanakaa katika chumba kimoja na kula kodi ya vitano. Mtu anayetaka kujenga kwa ajili ya miaka hiyo ana haki, na tena ana busara, mradi ajue kwamba anajenga kwa ajili ya wakati huo, asidanganywe kwamba anaokoa kodi ya mwezi ujao.

Lakini ajenge juu ya nini? Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Katika nchi hii hakuna mtu anayemiliki ardhi kama anavyomiliki shati. Mwalimu Nyerere aliandika juu ya jambo hili mwaka 1958, kabla ya uhuru, katika kijitabu alichokiita “Mali ya Taifa”, na mwaka 1963 umilikaji wa ardhi wa milele, ule wa mtindo wa Kiingereza, ukafutwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imeendelea na msingi huo: ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mwananchi hupewa haki ya kuitumia kwa muda, usiozidi miaka 99. Ukubwa wa haki hiyo hutegemea karatasi aliyo nayo mkononi. Kuna mwenye hati. Kuna mwenye leseni ya makazi, ambayo sheria haiiruhusu kuzidi miaka mitano kwa mara moja. Na kuna wengi, wengi mno, wenye barua ya mauziano tu, iliyoandikwa kwa mkono mbele ya mjumbe na mashahidi wawili, mmoja wao akiwa dalali.

Barua ile si bure. Imepata kuwasaidia watu mbele ya baraza. Lakini haisemi kama barabara itapita hapo. Mwaka 2017, ili Barabara ya Morogoro ipanuliwe, nyumba zilibomolewa kutoka Kimara kuelekea Kibaha, kwa kuwa hifadhi ya barabara ilihesabiwa mita 121.5 kutoka katikati. Zilikuwa nyumba za matofali na bati za rangi. Nyingine zilikuwa na maji na umeme uliounganishwa na mashirika ya umma yenyewe, jambo lililowafanya wenyewe waamini kwamba wako mahali salama. Kabla ya hapo, mwezi wa Desemba 2011, mafuriko yaliwatoa watu bonde la Msimbazi, na wengi wao wakapewa viwanja Mabwepande, mbali na kazi zao. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa kiwanja nasi twasema: fungua ramani. Ramani ziko ofisi ya ardhi ya manispaa, na kwenda kuiangalia ni nauli ya siku moja, hata kama dalali atakuambia kwamba kuna mnunuzi mwingine anasubiri na pesa mfukoni. Mnunuzi huyo yuko daima, na hajapata kuonekana.

Kadhalika jina. Twawasihi wanaume wasomao ukurasa huu watazame karatasi zao za viwanja na kuhesabu ngapi zina jina la mke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila idhini ya mwenziwe. Lakini sheria hiyo humfikia mjane siku ndugu wa marehemu wamekwisha kukaa kikao, na karatasi yenye majina mawili husikika haraka kuliko wakili.

Sasa tugeuze karatasi ya ndugu yetu, tusome nyuma.

Shemeji yake asema hivi: acha kazi, chukua mafao yako, nunua pikipiki, uwe bwana wa nafsi yako. Shauri hili lina kosa mwanzoni kabisa. Fao la kukosa ajira limekusudiwa mtu aliyepoteza kazi, wala si yule aliyeiacha kwa hiari yake. Na ile malipo ya kuachishwa kazi iliyowekwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, yaani mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, isiyozidi miaka kumi, hulipwa na mwajiri anapomwachisha mtu. Ndugu yetu akiandika barua ya kuacha, siku zake sabini ameziacha mezani kwa mkono wake mwenyewe. Wangapi wamekwisha kuandika barua hiyo wakiwa na hasira za Ijumaa, wakaja kuuliza habari za mafao Jumatatu!

Tena kuna mali nyingine katika ajira ambayo haiandikwi katika bahasha ya mshahara, na kwa sababu hiyo watu huisahau. Siku 28 za likizo yenye malipo kila mwaka. Siku 84 za uzazi kwa mama. Siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa likizo, nusu yake kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara. Fidia ya kuumia kazini. Mchango wa mwajiri katika mfuko wa hifadhi ya jamii. Hivi vyote vinamaanisha kitu kimoja: siku mfanyakazi aliyelala na homa, kuna mtu mwingine anayebeba sehemu ya siku hiyo.

Muulize sasa mwendesha bodaboda ni nani anayebeba siku yake ya homa. Wengi wao hawana pikipiki. Wamepewa na tajiri kwa mkataba: kila siku apeleke hesabu, na mwaka ukiisha pikipiki iwe yake. Tuseme hesabu ni shilingi 10,000 kwa siku, kwa siku sita za juma. Kwa majuma 52 ni shilingi 3,120,000, na matengenezo na petroli juu yake. Mvua ikinyesha kutwa, hesabu iko pale pale. Pikipiki ikikamatwa, hesabu iko. Akivunjika mguu mwezi wa kumi na moja, tajiri huitwaa pikipiki na kumpa kijana mwingine, na miezi kumi ya mwanzo haikumbukwi na mtu. Kijana huyu anaitwa amejiajiri. Mimi naona ni mpangaji: amepanga pikipiki kama yule alivyopanga chumba, tena kwa kodi ya kila siku na bila baraza la kumsikiliza. Na mama lishe anayelipia kibanda, na fundi anayeshonea cherehani cha mwingine, ni wapangaji vivyo hivyo.

Kwa upande wa pili, tusijidanganye kwamba kila aendaye kiwandani ameajiriwa. Yuko kibarua aliyesimama langoni kila alfajiri kwa miaka minne, jina lake halimo katika daftari lolote isipokuwa la mlinzi. Sheria yataka mwajiri ampe maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Asiyepewa hayo hana likizo, hana mchango, hana siku za homa. Ana jasho la mwajiriwa na hatari za aliyejiajiri. Mtu kama huyo akiamua kuuza matunda kwa toroli, siwezi kumlaumu. Hana cha kupoteza.

Kwa hiyo nilipomaliza kuisoma karatasi ile pande zote mbili, niliona kwamba ndugu yetu aliandika maswali mawili kumbe ni moja. Hakuna haja ya kuuliza kama kupanga ni bora au kujenga, wala kama kuajiriwa ni bora au kujiajiri, mpaka kwanza ajue siku mbaya itakapokuja itamwangukia nani, na yeye ameshika karatasi gani mkononi siku hiyo. Mwenye chumba cha kupanga na mkataba wa maandishi wa mwaka mmoja yu salama kuliko mwenye nyumba katika hifadhi ya barabara. Mwenye genge lake, mtaji wake na akiba yake katika chama cha kuweka na kukopa yu salama kuliko kibarua wa langoni.

Jambo hili halikuwasumbua wafanyakazi peke yao. Wasomaji wazee watakumbuka kwamba Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha au kupokea mishahara miwili. Mantiki yake ilikuwa wazi: anayekula kodi za wapangaji hawezi kutunga sheria ya kodi kwa haki. Mwaka 1971 Serikali ikayatwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuzidi shilingi 100,000. Masharti ya uongozi yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, na baadaye nyumba nyingi za Serikali, zilizojengwa ili mtumishi anayehamishwa apate pa kulala, ziliuzwa kwa watumishi waliokuwamo. Aliyekuwa ndani siku ile alipata nyumba. Mtumishi aliyeajiriwa mwaka uliofuata alipata orodha ya madalali. Si kila kilichofanywa zamani kilikuwa kizuri. Majengo mengi yaliyotwaliwa yalichakaa kwa kukosa matengenezo, nasi tulikuwa tukipita chini yake tukiona. Lakini lile swali la nani atunge sheria ya kodi lingalipo, na lingefaa kuulizwa katika mikutano yetu kwa sauti zaidi kuliko lisikikavyo sasa.

Nyumba za watu wa kipato cha chini zinaweza kujengwa, hilo twalijua. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, nalo katika miaka yake ya mwanzo liliondoa vibanda vya udongo na kujenga nyumba ambazo wakazi walizilipia kidogo kidogo. Magomeni Kota mpya, zilizofunguliwa mwaka 2022, zilirudisha kaya 644 mahali pale pale zilipokuwa zikikaa, karibu na soko na kazi. Ilichukua miaka mingi, na watu waliteseka wakingoja. Walakini hawakupelekwa Chanika.

Nilimwita ndugu yetu arudi, naye akaja jioni moja akifuatana na mkewe. Nilimweleza hesabu ya nauli. Nilimweleza habari za siku sabini, naye akanyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba shemeji yake hakuwa na nia mbaya. Mama yule alikuwa kimya wakati wote. Tulipofika kwenye karatasi ya kiwanja akauliza kwa upole kama yeye naye aweza kusema neno.

“Mzee,” akaniambia, ingawa sidhani ananizidi udogo kwa miaka mingi, “mimi nakaanga vitumbua langoni pale kiwandani. Saa kumi na moja alfajiri niko jikoni, saa kumi na mbili naviuza kwa wale wa zamu ya usiku wanaotoka na wa asubuhi wanaoingia. Ada za watoto hutoka pale. Tukihamia Chanika, vitumbua nimwuzie nani?”

Mumewe alimtazama. Katika karatasi ile yote, mbele na nyuma, vitumbua havikuwamo.

Walikaa mpaka ofisi ikafungwa. Waliyoafikiana ni haya: watalipa miezi mingine sita Temeke, na safari hii wataomba mkataba wa maandishi wenye kutaja kodi ya mwaka mzima, pikipiki isitajwe tena mpaka iwepo fedha taslimu ya kuinunua bila mkataba wa tajiri, na ikinunuliwa aendeshe kijana wa ndugu yao, yeye abaki kazini, na kiwanja kitanunuliwa iwapo mwuzaji ataongozana nao manispaa kuitazama ramani, na majina yaandikwe mawili. Mwuzaji aliambiwa sharti hilo siku ya pili. Alisema ana safari fupi ya msibani, akirudi atawapigia simu. Mpaka naandika haya hajapiga.